Barua pepe zinaingia lakini hazitoki: jinsi ya kupata kizuizi kilipo na kukivuka

Mama mmoja mwenye ofisi ya kupanga safari za watalii hapa Arusha alinipigia simu Ijumaa asubuhi. "Fundi, kompyuta zangu zimekufa upande mmoja," akasema. "Barua za wageni naziona zinaingia. Nikijibu, haziendi." Nilipofika nilikuta majibu 11 yamekwama kwenye Outbox, foleni ya barua zinazosubiri kutoka, mengi yakiwa bei za Serengeti na Ngorongoro kwa wageni waliokuwa wakisubiri huko Ujerumani na Uholanzi. Kijana wa ofisini alikuwa ameshaondoa Outlook, programu yao ya barua pepe, na kuipakia upya mara mbili. Kompyuta ya pili alikuwa ameifuta yote na kuiwekea Windows mpya. Tatizo lilibaki palepale.

Nilimuuliza yule mama swali moja tu: jana mlibadilisha nini? Akaniambia Alhamisi mchana walifungiwa faiba ya kampuni nyingine, na intaneti ya zamani wakaachana nayo. Hapo nikajua pa kuanzia.

Nimeona kisa cha namna hii mara nyingi mno, na kinachoniuma ni vitu vinavyopotea bure: kompyuta inafutwa, barua za miaka zilizokuwa ndani yake zinakwenda, na mteja aliyesubiri jibu anampa kazi mtu mwingine. Kwa hiyo ombi langu la kwanza, kabla ya hatua yoyote: usifute kitu. Kama barua zinaingia vizuri na zinagoma kutoka tu, kompyuta huwa haina kosa. Kosa huwa njiani au kwenye mipangilio ya kutuma.

## Kwa nini kuingia kuende, kutoka kugome

Fikiria sanduku la posta. Ufunguo wa S.L.P. yako unafungua kisanduku chako saa yoyote na hakuna wa kukuuliza. Kutuma ni habari nyingine. Lazima ufike kaunta, na mhudumu akubali kupokea bahasha yako.

Barua pepe nayo ina milango miwili. Kupokea hupita kwenye IMAP, mara nyingi poti (mlango wenye namba) 993, au POP, poti 995, na ufunguo wake ni nenosiri lako. Kutuma hupita kwenye SMTP, itifaki ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982 katika waraka uitwao RFC 821. Enzi hizo waliokuwa kwenye mtandao walikuwa wachache na waliaminiana. SMTP ilitumia poti 25 na haikudai nenosiri. Seva, yaani kompyuta inayopokea na kusafirisha barua, ilipokea barua ya yeyote na kuipeleka kwa yeyote.

Uaminifu huo ulitumiwa vibaya. Miaka ya mwanzo ya 2000 virusi viligeuza kompyuta za majumbani kuwa mitambo ya kumwaga barua taka, na zilizitoa moja kwa moja kupitia poti 25 bila mwenye kompyuta kujua. Watoa huduma za intaneti wakaanza kuwafungia wateja wa kawaida poti hiyo. Mimi naona walifanya sawa. Shida ni kwamba wateja wengi hawakuambiwa, na mipangilio ya kale bado imo kwenye kompyuta nyingi za ofisi zetu.

Vizuizi vyenyewe viko vya namna kadhaa, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni hicho cha kufungwa kwa poti 25. Programu yako inabisha hodi, hakuna anayeitikia, inasubiri mpaka muda unaisha.

Cha pili ndicho kilichomkuta yule mama. Seva ya kutuma barua ya mtoa huduma huwapokea walio ndani ya mtandao wake peke yao. Kwenye mipangilio ya kompyuta za mama huyo, fundi mmoja miaka mingi nyuma aliweka seva ya kutuma ya ile kampuni ya intaneti ya zamani, poti 25, bila nenosiri. Kwa muda wote alipokuwa mteja wao, seva ilimtambua kwa anwani ya IP aliyotokea, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti. Alipohamia faiba mpya akawa mgeni mlangoni, na mgeni hapokelewi. Mfanyakazi anayebeba laptopu ya ofisi kwenda nayo nyumbani hupatwa na jambo hilohilo: ofisini barua zinatoka, nyumbani zinagoma.

Cha tatu: mtoa huduma anakubali barua yako ikiwa tu anwani ya mtumaji ni ile aliyokupa yeye. Ukitumia anwani ya domeni yako mwenyewe, yaani jina lako la mtandaoni linalofuata @, anaikataa. Cha nne ni kikomo cha idadi kwa saa au kwa siku. Shule inayotuma matokeo kwa wazazi 400 asubuhi moja hukigonga haraka sana.

## Hatua ya 1: jaribu kutuma kupitia kivinjari

Fungua barua pepe yako kwenye kivinjari, yaani ingia kwenye ukurasa wa wavuti wa akaunti yako, na utume barua fupi isiyo na kiambatisho kwenda anwani ya huduma nyingine kabisa. Kama domeni yako iko kwenye hostingi (kampuni inayotunza tovuti na barua zako) inayotumia mfumo wa cPanel, ukurasa huo kwa kawaida hufunguka ukiandika domeni yako ikifuatiwa na `/webmail`.

Barua ikifika, akaunti yako ni nzima na seva yako ni nzima. Tatizo liko kati ya programu iliyo kwenye kompyuta na seva. Endelea na hatua ya 2, na wakati huohuo tumia kivinjari kuwajibu wateja wa haraka ili biashara isisimame. Yule mama alituma majibu yake matano ya muhimu kwa njia hii hata kabla sijagusa mipangilio.

Ikigoma hata kwenye kivinjari, mtoa huduma wako wa intaneti hana hatia. Angalia kama malipo ya hostingi au ya domeni yamepita tarehe, kama sanduku limejaa, au kama akaunti imefungiwa kwa sababu mtu ameiba nenosiri na kutuma barua taka kwa jina lako.

Jambo moja dogo linalodanganya watu wengi: barua ya kwanza kwenye foleni inaweza kuzuia zote zilizo nyuma yake. Faili la MB 20 likiingizwa kwenye barua huongezeka kwa kama theluthi moja, kwa sababu hubadilishwa kuwa maandishi ya herufi kabla ya kusafiri, na kwa hiyo linakuwa karibu MB 27. Gmail kikomo chake ni MB 25. Kwenye intaneti ya taratibu, faili hilo litahangaika mpaka muda wa seva uishe, lirudi mwanzo, lihangaike tena. Weka programu katika hali ya kutounganishwa, vuta barua hiyo nzito uiweke kwenye rasimu, kisha ujaribu tena.

## Hatua ya 2: washa hotispoti ya simu

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, maana kila mtu anacho mfukoni. Kata waifai ya ofisi, washa hotispoti ya simu yako, unganisha kompyuta ileile, na utume barua ileile. Kama una VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia nyingine, izime kwanza, la sivyo kipimo hakina maana. Bando dogo kabisa linatosha.

Ikitoka kwa hotispoti na ikigoma kwa intaneti ya ofisi, basi kizuizi kimehusiana na mtandao wa ofisi. Ikigoma kote kuwili, mara nyingi ni mipangilio au nenosiri. Nasema mara nyingi kwa sababu mitandao ya simu nayo huweza kufunga poti 25. Kama programu yako bado inatumia poti hiyo, inaweza kugoma pande zote mbili kwa kosa lilelile, nawe ukadhani umeisafisha intaneti. Usihukumu mpaka umefika hatua ya 4.

## Hatua ya 3: soma ujumbe wa kosa, neno kwa neno

Watu hufunga kile kidirisha cha kosa kama wanavyofukuza nzi. Usikifunge. Kipige picha kwa simu. Humo ndimo lilimo jibu.

Kwanza jiulize: kosa limetokea papo hapo wakati wa kutuma, au barua ilitoka vizuri kisha baada ya dakika chache ukaletewa barua ya kurudishwa kutoka kwa Mailer-Daemon, jina ambalo seva hutumia kutoa taarifa? Tofauti hii ni kubwa. Barua ya kurudishwa maana yake mlango wako wa kutokea umefunguka; aliyekataa ni seva ya mbele, mara nyingi ile ya unayemwandikia. Kwenda kugombana na mtoa huduma wako wa intaneti kwa barua iliyorudishwa ni kupoteza muda wako na wake.

Kisha tafuta nambari yenye tarakimu tatu. Ikianza na 4, seva inasema ngoja, jaribu baadaye. Ikianza na 5, imekataa, na kurudia vilevile hakutasaidia. Kusipokuwa na nambari hata moja, ila maneno ya kwamba muda umeisha au muunganisho umeshindikana, basi hukufika kwenye seva hata kidogo. Outlook huonyesha hali hiyo kwa alama kama 0x80042109 au 0x800CCC0E. Hapo shuku poti iliyofungwa.

Hizi ndizo ninazokutana nazo zaidi:

- 550 au 554 yenye maneno "Relaying denied" au "Relay access denied". Umefika kwenye seva lakini haikutambui. Ama unatumia seva ya kampuni ambayo wewe si mteja wake tena, ama hukuwasha nenosiri la kutuma. Hili ndilo alilokuwa nalo yule mama, na lilikuwa limeandikwa wazi kwenye skrini tangu saa mbili asubuhi.
- 530. Seva inataka ujitambulishe kwanza, au inataka muunganisho usimbwe kwanza (ufichwe usisomeke na wengine) kwa amri iitwayo STARTTLS.
- 535. Jina au nenosiri limekataliwa. Poti yako haina tatizo.
- 553 yenye maneno "Sender address rejected". Umejitambulisha kwa akaunti moja lakini barua inasema imetoka kwa anwani nyingine.
- 552. Barua ni kubwa mno, au sanduku la unayempelekea limejaa.
- 421, 450 au 451. Subiri. Huenda umegonga kikomo cha saa, au seva ya mbele inawachelewesha kwa makusudi watumaji isiowafahamu ili kuwapima. Acha dakika 30 kabla ya kujaribu tena.
- 550 au 554 yenye jina la Spamhaus ndani yake. Anwani yako ya IP iko kwenye orodha ya shirika hilo linalopambana na barua taka. Hilo nitalirudia chini.

## Hatua ya 4: pima poti zenyewe

Hapa ndipo unapopata ushahidi wa kumwonyesha mtoa huduma. Kwenye Windows, fungua PowerShell na uandike mistari hii, mmoja baada ya mwingine:

```
Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 25
Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 587
Test-NetConnection smtp.gmail.com -Port 465
```

Angalia mstari wa mwisho, `TcpTestSucceeded`. Ikiwa `True`, njia iko wazi. Ikiwa `False`, imefungwa. Kwenye Mac au Linux, fungua Terminal na uandike `nc -vz smtp.gmail.com 587`, ukibadilisha nambari ya poti. Ukimaliza, rudia vipimo vyote vitatu kwa jina la seva yako mwenyewe badala ya ile ya Gmail. Kisha rudia tena ukiwa kwenye hotispoti. Andika majibu kwenye karatasi, pamoja na saa.

Poti 25 ikiwa `False` na 587 na 465 zikiwa `True`, uko kwenye hali ya kawaida kabisa. Mtoa huduma amefunga mlango wa kale na kuacha milango sahihi wazi. Nenda hatua ya 5.

Poti zote tatu zikiwa `False` kwa seva zote, mtandao wako unabana kupita kiasi, au kuna kitu ofisini kwako kinachobana: faya-woli ya ruta, au antivirasi inayokagua barua zinazotoka. Unganisha kompyuta moja kwa waya moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoa huduma, upime tena. Kama una antivirasi yenye kukagua barua, izime kwa dakika tano za kipimo tu, kisha uiwashe.

Kuna jibu la tatu ambalo limenipotezea saa nyingi kabla sijalielewa, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Seva ya Gmail inajibu `True`, seva yako inajibu `False` poti zote, na kwenye hotispoti seva yako inajibu vizuri. Inaonekana kama mtoa huduma wa intaneti amekufungia. Sivyo. Aliyekufungia ni seva ya hostingi yako. Seva nyingi za hostingi zina mlinzi anayehesabu makosa ya nenosiri. Yakizidi, hufungia anwani yote ya IP yaliyotokea. Na chanzo huwa simu ya mtu mmoja ofisini ambayo bado ina nenosiri la zamani na inabisha kila dakika chache, mchana kutwa. Dalili yake ya pekee ni kwamba hata tovuti yako na barua pepe kwenye kivinjari hazifunguki ukiwa ofisini, lakini nje ya ofisi zinafunguka. Watumie wenye hostingi anwani yako ya IP waifungue, lakini kwanza itafute ile simu. Usipoitafuta, kesho utafungiwa tena.

## Hatua ya 5: rekebisha mipangilio ya kutuma

Kanuni ni hii: barua inayotoka ipitie seva ya mwenye anwani yako, yaani hostingi ya domeni yako, au Gmail kama anwani ni ya Gmail. Isipitie seva ya anayekuuzia intaneti. Ukifuata hivyo, unaweza kuhama kampuni ya intaneti kila mwezi, ukatuma ukiwa nyumbani, hotelini au uwanja wa ndege, na hutagusa mipangilio tena.

Weka mambo manne:

1. Seva ya kutuma: jina ulilopewa na hostingi, kwa kawaida `mail.` ikifuatiwa na domeni yako. Kama programu inalalamika kuhusu cheti cha usalama, waulize wenye hostingi jina halisi la seva yao ulitumie hilo.
2. Poti na usimbaji: 587 pamoja na STARTTLS, au 465 pamoja na SSL/TLS.
3. Uthibitisho: washa. Kwenye Outlook ya zamani ni kile kisanduku cha "My outgoing server (SMTP) requires authentication", ambacho wengi hukiacha bila tiki.
4. Jina la kuingilia: anwani nzima ya barua pepe, pamoja na kila kilicho baada ya @.

Neno kuhusu namba 2, maana watu huzichanganya. Poti 587 ilitengwa Desemba 1998 katika RFC 2476 iwe mlango wa wateja kukabidhi barua zao, na poti 25 ibaki ya seva kuzungumza na seva. Kwenye 587 mazungumzo huanza wazi, kisha pande mbili hukubaliana kusimba. Kwenye 465 yanasimbwa tangu neno la kwanza. Ukiweka 465 pamoja na STARTTLS, kila upande utamsubiri mwenzake aanze na programu itaganda, nawe utadhani poti imefungwa. Waraka RFC 8314 wa mwaka 2018 unapendelea 465. Mimi hujaribu 465 kwanza, ikigoma naenda 587.

Kwenye Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, kuna mtego wa peke yake: seva za kutuma zimeorodheshwa chini kabisa ya mipangilio ya akaunti, mbali na akaunti zenyewe. Unaweza kuongeza seva mpya iliyo sahihi kabisa, na akaunti ikaendelea kutumia ya zamani. Rudi juu kwenye akaunti yenyewe uichagulie seva mpya. Kwenye iPhone pia, seva nyingine za SMTP hubaki zikiwa zimewashwa chini ya ile kuu. Zizime zile za zamani.

Kwa wenye anwani za kampuni kubwa: Gmail ni `smtp.gmail.com`, na tangu 30 Mei 2022 haikubali tena nenosiri la kawaida kwenye programu zisizoingia kwa ukurasa wa Google wenyewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16. Yahoo ni `smtp.mail.yahoo.com`, nayo inataka nenosiri la programu. Anwani za Outlook.com na Hotmail ziliacha kukubali jina na nenosiri tupu tarehe 16 Septemba 2024. Tumia programu ya kisasa inayofungua ukurasa wa Microsoft wa kuingia. Ukipata 535 kwenye mojawapo ya hizi, mara nyingi sababu ni hiyo, na hakuna poti itakayokusaidia.

## Kishawishi cha kupita kwa mtoa huduma

Baadhi ya mafundi, wakiona seva ya zamani imegoma, huweka seva ya kutuma ya kampuni mpya ya intaneti na kufunga kazi. Barua inatoka, mteja anafurahi. Siku chache baadaye wageni wanasema hawajapata kitu.

Sababu ni SPF. Hiyo ni rekodi kwenye DNS (daftari la wazi la mtandaoni) ya domeni yako inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Seva ya kampuni ya intaneti haimo humo. Gmail inapopokea barua yenye jina la ofisi yako kutoka kwenye seva isiyotajwa, ina kila sababu ya kudhani ni tapeli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM (sahihi ya kidijiti kwenye barua), na wanaotuma kwa wingi (kwa Gmail, barua zaidi ya 5,000 kwa siku) lazima wawe na zote mbili pamoja na DMARC (agizo la nini kifanyike kwa barua zisizopita vipimo hivyo).

Kuangalia rekodi yako, andika kwenye Windows `nslookup -type=TXT` ikifuatiwa na domeni yako, utafute mstari unaoanza na `v=spf1`. Lazima uwe mmoja tu. Nimekuta domeni zenye mistari miwili, mmoja wa hostingi na mwingine umeongezwa na fundi kwa nia njema, na miwili hiyo pamoja huharibu yote. Kama kweli huna njia nyingine ila seva ya mtoa huduma, iongeze ndani ya mstari uleule uliopo.

## Mashine ya kuskani na vifaa vingine

Kompyuta zikishapona, kesho yake utapigiwa simu: mashine ya fotokopi haitumi skani. Vifaa hivi, pamoja na programu za uhasibu na mitambo ya kamera za ulinzi, vilipangwa siku ya kwanza kwa poti 25 bila nenosiri na hakuna aliyevigusa tena. Vipe akaunti yao wenyewe kwenye domeni yako, yenye nenosiri lake, kwa poti 587 au 465. Mashine za zamani sana hazijui usimbaji wa sasa na seva itazikataa, maana TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya kale ya usimbaji, zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa mwaka 2021. Kwa mashine hizo, acha kabisa habari ya barua pepe uzielekeze zihifadhi skani kwenye folda ya kompyuta mojawapo. Usiwaombe wenye hostingi wakufungulie njia isiyosimbwa kwa ajili ya fotokopi moja.

## Ukikuta jina la Spamhaus

Usishtuke kabla hujasoma ni orodha gani. PBL ni orodha ya anwani za IP ambazo hazipaswi kutuma barua moja kwa moja kwenda seva za wengine, na watoa huduma wenyewe huziandikisha humo. Anwani za majumbani na za simu zimejaa humo, na hakuna anayekutuhumu. Ukituma kwa poti 587 au 465 na nenosiri, kwa kawaida haikugusi. Kama inakugusa, seva ya hostingi imepangwa vibaya, na hao ndio wa kuwaambia.

XBL ni jambo zito zaidi: ina maana kuna kifaa kwenye anwani hiyo kinachoonekana kimeambukizwa. Lakini kwetu wateja wengi hugawana anwani moja ya nje. Ukiangalia upande wa nje wa ruta yako na kukuta anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, uko kwenye mgawano huo, na mwenye virusi anaweza kuwa jirani usiyemjua. Kagua kompyuta zako zote kwanza. Ukiomba kuondolewa kabla hujasafisha, utarudishwa.

## Ukimpigia mtoa huduma

Mhudumu wa kwanza atakwambia uzime ruta na kuiwasha. Fanya hivyo kwa heshima, halafu sema hivi:

"Nimepima leo saa nne asubuhi. Kutoka kwenye laini yangu, poti 587 na 465 kwenda seva fulani hazifunguki, na kwa intaneti ya simu zinafunguka. Anwani yangu ya IP ni hii. Naomba suala langu lifikishwe kwa mafundi wa mtandao na nipewe namba ya kufuatilia."

Waulize pia kama kuna kikomo cha barua kwa saa. Usiwaombe wafungue poti 25, isipokuwa unaendesha seva yako ya barua mwenyewe, na kwa hilo utahitaji pia anwani ya IP isiyobadilika pamoja na rekodi ya PTR (inayoonyesha jina la mwenye anwani hiyo ya IP), ambayo ni wao tu wanaoweza kukuwekea.

## Kuhakikisha

Kwa yule mama nilibadilisha seva ya kutuma ikawa ya hostingi yake, poti 465, nikawasha uthibitisho. Jaribio la kwanza liliganda, kwa sababu mbele ya foleni kulikuwa na kabrasha la picha lenye MB 31. Tulilitoa, na barua zilizokuwa zimebaki zikapita moja baada ya nyingine.

Kuona barua kwenye Sent hakutoshi. Nilimwomba atume moja kwenye anwani yangu ya Gmail, nikaifungua kwenye kompyuta, nikabonyeza vile vidoti vitatu na kuchagua "Show original". Palipoandikwa SPF pakawa na neno PASS. Kisha tukakaa tukisubiri, yeye na chai yake, mpaka saa saba kasoro, mgeni wa Uholanzi alipojibu kuuliza kama hema lile la Serengeti lina vitanda vitatu.